Kutembelea ngome za kale ukiwa masomoni ughaibuni: mwongozo kwa mwanafunzi anayetoka Dodoma

Mwanafunzi wa UDOM, St. John's au Chuo cha Mipango akipata muhula mmoja nje ya nchi, haipiti wiki ya nne kabla hajaalikwa kwenda kuona ngome. Anaenda, anapiga picha mia mbili, anarudi hosteli. Ukimuuliza kwa nini lango liko upande ule na si huu, au askari walikunywa maji gani, hana jibu. Kosa lake ni moja: alikimbilia ndani, kwenye vitanda vya wafalme na viti vya dhahabu. Ngome husomwa kuanzia nje, kwa maswali matatu. Adui alitarajiwa kutokea wapi? Maji yalipatikana wapi? Nani aligharamia ujenzi, na fedha aliitoa wapi?

Mtu wa Dodoma ana bahati, maana majibu ya maswali hayo kwao yapo tayari.

Anzia nyumbani, kabla ya kupanga begi

Tafuta tembe la Kigogo ulitazame kwa makini. Vijijini Bahi na Chamwino bado yapo, na Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam wanaonyesha nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Tembe la zamani lilikuwa vyumba vilivyoungana kuzunguka ua, ng'ombe wakilala katikati, mlango wa kuingilia ukiwa mmoja, na ukuta wa nyuma mtupu bila dirisha. Paa ni la udongo, limelala bapa. Paa la namna hiyo halishiki moto kama la nyasi, nalo linawezekana kwa sababu mvua za Ugogo ni chache. Chora ramani yake kwenye daftari: mlango, ua, mahali pa mifugo, ghala la nafaka. Mchoro huo utakaa kando ya michoro ya Ulaya, na utashangaa jinsi mambo yanavyofanana: ukuta unaogeuzia dunia mgongo, tundu moja la kuingilia, na mali katikati.

Kisha jikumbushe habari ya hongo, yaani ushuru wa njia wa zamani, si rushwa. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, Tabora ya leo, ilivuka nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo ikiwa na kiu. Watemi wa Kigogo walishika visima na njia, na kila msafara ulilipa kwa vitambaa, shanga na waya ndipo upite. Wasafiri wa Kizungu Burton na Stanley wote wawili walipita huku na kulalamikia malipo hayo kwenye maandishi yao.

Sasa nenda Ujerumani, kwenye mto Rhine karibu na mji wa Kaub. Katikati ya maji kuna ngome ndogo nyeupe, umbo lake kama meli ya mawe. Ni Pfalzgrafenstein, iliyoanza kujengwa miaka ya 1326 na 1327. Mnyororo ulivutwa kuzuia mto, na mashua zikasimama kulipa ushuru. Ni hongo ile ile, tofauti ni kwamba huku ilishikwa kiu na kule ulishikwa mkondo. Ukiliona hilo, ngome nyingi za Rhine hazitahitaji maelezo marefu tena: ni vituo vya ushuru vyenye kuta.

Karatasi zinazoharibu safari

Viza za nchi nyingi za Ulaya huombwa Dar es Salaam, na alama za vidole lazima utoe mwenyewe. Treni ya SGR kutoka Dodoma hutumia kama saa tatu na nusu hadi nne, lakini usipange miadi ya asubuhi siku ile ile ya safari. Lala Dar.

Stika ya viza ikishabandikwa, soma sehemu ya idadi ya kuingia. Ikiwa imeandikwa 01, ukitoka nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hurudi kwa viza hiyo. MULT maana yake unaingia na kutoka mpaka muda uishe. Wanaosoma Ujerumani, Ufaransa, Poland au Ucheki wakiwa na kibali cha kukaa wanaweza kuzunguka nchi nyingine za Schengen kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Uingereza haimo. Anayesoma Edinburgh hawezi kuamka Ijumaa akaenda kuona ngome ya Ufaransa kwa viza yake ya Uingereza. Anahitaji viza ya Schengen, na kibali chake cha Uingereza kiwe bado na muda wa kutosha mbele. Omba mwanzoni mwa muhula. Ukisubiri wiki za mwisho, muda uliobaki kwenye kibali ndio utakaokunyima viza.

Vitu vitatu visitoke mfukoni: kitambulisho cha mwanafunzi ambacho hakijaisha muda, pasipoti au nakala yake, na kadi ya ukaaji. Punguzo la mwanafunzi hutolewa kwa kitambulisho, si kwa maneno, na picha ya kitambulisho kwenye simu hukataliwa kwingine. Ujerumani neno la kutafuta kwenye orodha ya bei ni "ermäßigt". Ufaransa, mkazi halali mwenye miaka 18 hadi 25 huingia bure kwenye majengo mengi ya kale yanayomilikiwa na taifa, ikiwemo ngome ya Carcassonne, ilimradi aonyeshe kadi ya ukaaji. Wanafunzi wengi wa kwetu hulipa pale bila sababu kwa vile kadi wameiacha chumbani.

Nauli mara nyingi huzidi kiingilio. Uliza chuoni kama ada ya muhula ina tiketi ya usafiri ndani yake. Vyuo vingi vya Ujerumani vinatoa tiketi inayoruhusu treni zote za mikoa nchi nzima, ila si zile za mwendo kasi za ICE. Ukipanda ICE kwa tiketi hiyo utatozwa faini, na mkaguzi hana habari kwamba wewe ni mgeni.

Saa, na giza

Hapa ndipo Waswahili wengi huumia. Tiketi ikiandikwa 9:15, ni saa tatu na robo asubuhi. Aliyezoea saa zetu huisoma saa tisa na robo alasiri, akafika wakati ngome inakaribia kufungwa. Andika saa zote mbili kwenye tiketi kwa kalamu. Tena, Ulaya hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka: Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele, Jumapili ya mwisho ya Oktoba hurudishwa nyuma. Simu hujirekebisha yenyewe. Saa ya mkononi haijirekebishi.

Dodoma jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima. Edinburgh mwezi Desemba linazama mnamo saa tisa na dakika arobaini alasiri, na Juni mnamo saa nne usiku. Ndiyo maana ngome nyingi hupunguza saa za kufungua kuanzia Novemba, na nyingine hufunga kabisa mpaka Machi au Aprili. Angalia pia saa ya mwisho ya kuingia, ambayo si saa ya kufunga. Mara nyingi hutangulia kwa dakika 45 au saa nzima.

Cha kuvaa na kubeba

Baridi ya Dodoma ya Julai ni ya upepo. Ukijificha ukutani imekwisha. Baridi ya ngome ni ya mawe. Ndani kunaweza kuwa na baridi kuliko nje, hata mwezi wa Mei. Vaa nguo tatu nyepesi badala ya koti moja zito, na ya juu iwe haipitishi maji. Mwamvuli juu ya ukuta wa Edinburgh hugeuka ndani nje dakika ya kwanza. Raba ziwe na soli yenye meno, kwa sababu mawe yaliyokanyagwa miaka mia saba yanateleza kama sabuni yakinyeshewa.

Begi liwe dogo. Ngome kadhaa hukataza mabegi makubwa mgongoni, na makabati ya kuhifadhia hudai sarafu, kwa hiyo weka ya yuro moja kando. Chapati mbili na yai la kuchemsha vitakuokoa na bei za mgahawa wa ngome, ila kula uani. Ndani ya vyumba hairuhusiwi. Mwisho, beba kamba ya mita tano yenye fundo kila nusu mita. Hiyo ndiyo itakayokutofautisha na mtalii wa kawaida.

Kuisoma ngome hatua kwa hatua

Zunguka kwanza. Kabla ya kukata tiketi, au baada ya kuikata kama muda upo, tembea kuizunguka ngome yote kwa nje hadi pale njia inaporuhusu. Nusu saa inatosha kwa ngome nyingi. Tafuta upande mwepesi kupandika. Huko ndiko utakuta ukuta mnene zaidi, handaki, au minara miwili ikikaa karibu karibu. Upande wa genge ukuta huwa mwembamba, kwa sababu mlima umeshafanya kazi.

Tazama umbo la kuta. Zikiwa ndefu kwenda juu na minara imesimama wima, ngome ilijengwa kabla mizinga haijawa na nguvu, au ni ya kuigiza. Zikiwa fupi, nene, zimeinama kidogo na pembe zake zimechongoka kama mkuki, zimejengwa kukabili mizinga. Mfano wa pili uko karibu nasi: Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593. Mfano wa kwanza ni ngome za mfalme Edward wa Kwanza kule Wales, kama Conwy, iliyojengwa kati ya 1283 na 1287.

Ukutani utaona matundu madogo ya mraba yaliyopangwa kwa mistari. Wageni hudhani ni ya bunduki au viota vya ndege. Ni mahali waashi walipochomeka miti ya jukwaa lao, kama fundi wa Dodoma anavyochomeka mirunda kwenye ukuta wa ghorofa. Conwy matundu hayo kwenye baadhi ya minara yanapanda kwa kuzunguka kama skrubu, maana waashi walijenga jukwaa la mteremko wa kupandishia mawe. Ukionyeshwa mara moja, hutaacha kuyaona tena.

Lango. Simama chini yake utazame juu. Mifereji miwili wima pembeni mwa ukuta ni ya wavu wa mbao na chuma ulioshushwa kwa minyororo. Matundu darini yalikuwa ya kumwagia adui vitu. Kiongozi wa msafara atakwambia mafuta yanayochemka. Mafuta yalikuwa ghali. Mawe, maji ya moto na mchanga wa moto vilifaa zaidi na havikugharimu. Hesabu milango mpaka ufike uani. Kila kona kati ya mlango na mlango ni mahali adui alipogeuza ubavu wake kwa wapiga mishale.

Tundu la mshale. Litazame kwa karibu, usipite. Kwa nje ni ufa mrefu ambao kiganja kilicholala hakipiti. Kwa ndani unapanuka mpaka mtu mzima anasimama na upinde wake. Weka kamba yako kwenye kizingiti, kutoka ukingo wa ndani mpaka wa nje. Huo ndio unene wa ukuta, na ndiyo njia rahisi ya kuupata bila kumuuliza mtu. Mnara Mweupe wa Tower of London, ulioanzwa na William Mshindi katika miaka ya 1070, una kuta zinazofikia mita 4.6 chini. Sasa inama, uweke jicho pale lilipokuwa jicho la mpiga mshale. Utaona kipande cha njia, si mandhari yote. Sogea kwenye tundu la pili, utaona kipande kinachofuata. Chora vipande hivyo kwenye daftari na utakuwa umechora mawazo ya aliyeijenga.

Kisima. Hiki ndicho wanafunzi wa uhandisi wa maji kutoka Dodoma hukipenda, na kwa haki: jiji linaloishi kwa visima vya Makutupora linajua maana yake. Ngome ya Königstein karibu na Dresden ina kisima cha mita 152.5, kilichochimbwa kwenye mwamba kati ya 1563 na 1569. Ngome ya Edinburgh inaonyesha upande wa pili. Imekaa juu ya mwamba wa volkano, karibu haishikiki, lakini maji yake siku zote yalikuwa ya taabu. Mwaka 1573 mizinga iliangusha mnara wa David, kifusi kikaziba maji, na walinzi wakasalimu amri kwa kiu. Harlech kule Wales iliepuka hayo katika mzingiro wa 1294 na 1295 kwa sababu chakula kiliingia kwa njia ya bahari. Leo bahari imesogea mbali, na asiyejua hilo atashangaa ngazi ndefu ya mawe inayoshuka kwenda nyasini.

Ngazi za mzunguko. Pandia upande mpana, shika kamba au ukuta, begi livae kifuani. Anayeshuka ana shida kuliko anayepanda, kwa hiyo mpishe. Utaambiwa zinazunguka kulia ili mlinzi aliye juu awe na nafasi ya kuuzungusha upanga kwa mkono wa kulia. Ni hadithi tamu, ila zipo nyingi zinazozunguka kushoto, na wanahistoria wengi hawaikubali. Kwenye ripoti iandike kama simulizi.

Choo pia kitazame, kile kijumba kidogo kinachochomoza nje ya ukuta na tundu chini. Mara nyingi kinakuonyesha vyumba vya wakubwa vilikuwa wapi.

Kipya kilichovaa ukale

Uliza kila mara: hiki ni cha lini? Saruji ya kijivu kati ya mawe ni marekebisho ya karibuni. Wa zamani walitumia chokaa. Rangi ya tofali ikibadilika ghafla, juu ya mstari huo pamejengwa upya. Malbork ya Poland, ngome kubwa mno ya matofali, iliharibiwa vibaya mwaka 1945 na sehemu nyingi zimerudishwa. Si aibu, ila ijue.

Neuschwanstein ya Bavaria ndiyo inayopigiwa kelele zaidi, na si ngome. Ni kasri. Mfalme Ludwig wa Pili aliianza 1869, mizinga ikiwa imeshaziua ngome zote, akaiwekea mfumo wa kupasha joto na maji ya bomba. Alifariki 1886 haijamalizika. Ukienda, weka nafasi mapema, panda kwa miguu dakika 30 hadi 40 kutoka kijiji cha Hohenschwangau kilicho chini yake, na ujue kwamba ukichelewa kundi lako umepoteza zamu. Ndani picha ni marufuku. Kwa mwanafunzi mwenye fedha ya ngome moja tu, tungemshauri aiache na kwenda Marksburg. Hiyo iko juu ya Braubach, kama robo saa kwa treni ya mkoa kutoka Koblenz, na ndiyo pekee kati ya ngome za vilimani za Rhine ya kati ambayo haikuwahi kubomolewa. Unaingia kwa ngazi iliyochongwa kwenye mwamba kwa ajili ya farasi, jiko lipo, mizinga ipo ikitazama mto. Huingii bila kiongozi, na maelezo mengi ni ya Kijerumani, kwa hiyo omba karatasi ya lugha nyingine mapema pale pa tiketi.

Mlutheri wa Singida au Iramba atataka Wartburg, juu ya Eisenach. Martin Luther alifichwa humo kuanzia Mei 1521 hadi Machi 1522, na ndimo alimotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Chumba chake ni kidogo, cha mbao. Inasimuliwa kwamba alimrushia shetani wino. Wageni wa zamani walikwangua plasta yenye doa mpaka ikaisha. Sehemu kubwa ya mapambo ya kumbi ni ya karne ya 19.

Waliopangiwa India au Japani

Hyderabad kuna Golconda. Piga kofi chini ya kuba la lango la Fateh Darwaza, mwenzako aliye kileleni Bala Hisar atalisikia, karibu kilomita moja. Tazama miiba ya chuma kwenye mbao za lango. Ilikuwa ya kuzuia tembo wa vita wasilisukume. Raia wa nje hulipa kiingilio kikubwa kuliko Mhindi, na kitambulisho cha chuo cha India hakikupi uraia. Nenda asubuhi sana, jua la Aprili kule halina mzaha hata kwa mtu wa Dodoma.

Japani, Himeji, utavua viatu na kuvibeba kwenye mfuko, ukapanda ngazi za mbao zilizosimama karibu kama za darini. Vaa soksi zisizotoboka na zisizoteleza. Matundu ya kupigia kule yana maumbo ya duara, pembetatu, mraba na mstatili. Hesabu ya kila umbo kwa ukuta mmoja ni kazi nzuri ya saa moja.

Daftari na picha

Picha ya kwanza iwe ya kibao chenye jina na tarehe, ili uweze kutenganisha ngome ya Jumamosi na ya Jumapili. Kila picha ya jiwe, tundu au plasta iwe na kitu cha kipimo pembeni, hata kalamu. Bila hiyo ufa wa sentimita tano na dirisha la nusu mita vinafanana. Andika picha ilipigwa ukitazama upande gani wa dira. Fanya hivyo jioni ile ile, kwa sababu kesho kuta zote zitakuwa zimechanganyika. Nakala itume kwenye barua pepe yako kabla hujalala. Simu nyingi za wanafunzi huishia kwenye siti za treni. Na ule mchoro wa tembe uliochora Bahi ubandike ukurasa wa kushoto, ngome mpya ukurasa wa kulia, kwa vipimo vya aina moja.